"Mfupa Umeisha": Njia Zilizobaki kwa Meno ya Juu

Kuna sentensi moja inayowakatisha watu tamaa kuliko bei: "Mfupa wako umeisha." Mtu amekuja kuuliza habari za vipandikizi vya meno, anaambiwa taya lake la juu halina mfupa wa kutosha, anachukua mkoba wake anaondoka. Shangazi yangu ni mmoja wao. Alitoka kliniki moja akiamini kwamba hafai, wala hakuuliza swali la pili. Mimi nasoma udaktari wa meno, mwaka wa 5, na nasema wazi: mazungumzo yalipaswa kuanzia hapo.

Kipandikizi ni skrubu ndogo ya titani inayowekwa ndani ya mfupa ichukue nafasi ya mzizi, kisha juu yake hufungwa jino la bandia. Siri yake iligunduliwa na Per-Ingvar Brånemark wa Sweden. Katika majaribio yake ya sungura, mwaka 1952, aliona titani imeshikana na mfupa kiasi cha kutong'oka. Mwaka 1965 akamtibu binadamu wa kwanza. Kwa hiyo pasipo mfupa, skrubu haina pa kushika. Ni sawa na kusimika nguzo kwenye mchanga wa ufukweni.

Kwa nini taya la juu lina shida zaidi? Kwanza, mfupa unaoshika meno huishi kwa kazi. Jino likitoka, mfupa wake huanza kusinyaa. Ndani ya mwaka mmoja upana wake unaweza kupungua hadi karibu nusu, na sehemu kubwa huenda katika miezi 3 ya mwanzo. Pili, juu ya magego kuna uwazi wenye hewa uitwao sainasi, ule unaouma ukipata mafua makali. Magego yakitoka, sainasi nayo huweza kutanuka kuja chini. Yaani mfupa unaliwa juu na chini, mwishowe zinabaki milimita chache. Tena mfupa wa nyuma wa taya la juu kwa asili ni laini.

Sasa, njia zipo. Kama upungufu ni mdogo, daktari anaweza kutumia kipandikizi kifupi, hata cha milimita 6, badala ya kile cha milimita 10 au zaidi. Upasuaji ni mdogo, ila lazima mfupa huo mchache uwe imara.

Ya pili ni kuinua sakafu ya sainasi. Daktari hufungua kidirisha pembeni mwa taya, au hupitia palepale kipandikizi kitakapokaa, akauinua taratibu utando mwembamba wa sainasi na kujaza mfupa chini yake. Hatari kubwa ni utando kuchanika. Kisha ni kusubiri, mara nyingi miezi 4 hadi 9, mfupa ukomae. Mfupa wa kujazia unaweza kutoka mwilini mwako, kwa mtu mwingine, kwa mnyama, au kutengenezwa kiwandani. Wa mnyama mara nyingi ni wa ng'ombe, lakini wa nguruwe pia upo. Kama jambo hilo lina uzito kwako kiimani, uliza kabla; ni haki yako.

Ya tatu ni kukwepa eneo lililoisha. Kwa mtu asiye na meno yote ya juu, vipandikizi 4 vinaweza kubeba safu nzima: viwili vya mbele vinasimama wima, viwili vya nyuma vinalazwa mshazari ili vipite mbele ya sainasi. Paulo Maló wa Lisbon, Ureno, ndiye aliyeitangaza njia hii. Lakini mfupa wa mbele lazima uwepo.

Na ukiwa umeisha hata mbele? Hapo kuna vipandikizi virefu, milimita 30 hadi 50 na kidogo, vinavyokwenda kushika mfupa wa shavu. Mara nyingi huokoa ile miezi ya kusubiri mfupa ukomae. Hii si kazi ya kila daktari wa meno: inataka mpasuaji mzoefu, na sainasi inaweza kupata maambukizi baadaye.

Tusisahau meno ya kuvaa na kuvua. Wengine huyadharau, lakini yakitengenezwa vizuri mtu anakula na kucheka bila kisu. Kwa shangazi, mwenye kisukari kisichotulia, ndiyo ninayomshauri aanze nayo. Sukari isiyodhibitiwa na sigara huongeza uwezekano wa kipandikizi kukataa, hata mfupa ukiwa tele.

Ukiwa na mzazi aliyeambiwa "umeisha", mpe maswali haya arudi nayo: Umebaki milimita ngapi, na wapi? Picha ya CT imepigwa, au ni eksirei ya kawaida tu? Njia hii nitaingia chumba cha upasuaji mara ngapi? Gharama yote hadi jino la mwisho ni kiasi gani? Wewe mwenyewe umeifanya kwa wagonjwa wangapi?

Nasi vijana tusijitoe. Gego likianza kuuma wiki ya UE, wengi tunasema, "Ling'oe tu, boom likiingia nitaweka lingine." Boom linaingia, linaisha, pengo linabaki, na mfupa haukusubiri. Kwanza uliza kama jino linaweza kutibiwa mzizi na kuzibwa. Kama halina budi kutoka, uliza siku hiyohiyo kuhusu kujazia shimo lake ili mfupa usisinyae sana. Swali hilo ni la dakika moja. Kuinua sainasi ni la miezi.