Rangi ya ngozi isipotee: jinsi ya kuanza kugredi video kwenye kompyuta

Katika ujumbe tunaoupokea kutoka kwa vijana wanaorekodi harusi, vipaimara na mahafali hapa Kanda ya Ziwa, swali moja linajirudia: kwa nini video inaonekana nzuri kwenye kamera, lakini ikifika kwa mteja bibi harusi anakuwa wa kijivu, sare ya kamati imebadilika rangi na ukumbi mzima umegeuka zambarau? Swali hilo lina fedha ndani yake. Mteja aliyechagua kitambaa cha rangi ya maziwa na dhahabu hafurahii kukiona cha njano, na wapo wanaogoma kumalizia malipo kwa sababu hiyo.

Tumeandaa makala haya kumsaidia anayetaka kujifunza kazi hiyo kutoka mwanzo. Mafundi wa video huiita kugredi, yaani kupanga rangi na mwanga wa picha baada ya kurekodi.

Kazi mbili ndani ya moja

Kugredi kuna hatua mbili, na wanaoanza wengi huzichanganya. Hatua ya kwanza ni kusahihisha: nyeupe iwe nyeupe, nyeusi iwe nyeusi, na picha ya kamera ya kwanza ifanane na ya kamera ya pili. Hatua ya pili ni kuipa picha hisia, kwa mfano joto la jioni au ubaridi wa asubuhi ya mvua. Anayeruka hatua ya kwanza ni kama anayepaka rangi ukuta ambao haujapigwa lipu.

Kazi hii ilianzia kwenye maabara za filamu, ambako rangi ilirekebishwa kwa mwanga na kemikali. Mwaka 2000 ilitoka filamu ya Marekani iitwayo O Brother, Where Art Thou?, ya ndugu Joel na Ethan Coen. Ilipigwa Mississippi wakati majani yakiwa ya kijani kibichi, lakini watengenezaji walitaka nchi ionekane kavu na yenye vumbi. Mpiga picha wake, Roger Deakins, alisimamia kazi ya kugeuza kijani hicho kuwa rangi ya majani makavu kwa kutumia kompyuta. Ni miongoni mwa filamu za mwanzo kabisa kupangwa rangi yote kwa njia hiyo.

Programu na kompyuta

Vifaa vya namna hiyo wakati ule vilikuwa vya studio kubwa tu. Mabadiliko yalikuja baada ya kampuni ya Blackmagic Design ya Australia kuinunua kampuni ya da Vinci Systems mwaka 2009. Programu yake, DaVinci Resolve, sasa ina toleo la bure linalotumika kwenye Windows, Mac na Linux. Toleo la kulipia ni takribani dola 300 za Marekani, na malipo ni ya mara moja. Baadhi ya vifaa vimo kwenye toleo la kulipia pekee, kikiwamo cha kupunguza chenga za picha iliyopigwa gizani. Lakini magurudumu ya rangi, vipimo na nodi, ambavyo ndivyo utakavyovihitaji kujifunzia, vyote vimo kwenye la bure.

Tatizo la wengi ni kompyuta. Programu hii inategemea sana kadi ya picha, na kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 16 ndiyo inayofanya kazi kwa raha. Kama yako ni ndogo, itengenezee video nakala nyepesi, ufanyie kazi nakala hizo, kisha mwishoni programu irudi kwenye picha halisi. Njia hiyo imo ndani ya programu yenyewe. Na kama una simu tu, usikae ukisubiri. Programu za simu kama CapCut zina sehemu za kurekebisha mwanga, joto la rangi na ukolezi wake, na kanuni tutakazozieleza hapa ni zilezile.

Macho hudanganywa, vipimo havidanganyiki

Kitu cha kwanza cha kujifunza ni kusoma vipimo. Macho ya binadamu huzoea haraka. Ukikaa nusu saa unatazama picha yenye unjano, ubongo utaanza kuuona unjano huo kuwa kawaida. Skrini za bei nafuu nazo hutofautiana: moja ina ubluu, nyingine ina wekundu. Kwa sababu hiyo mafundi hutazama michoro inayopima picha yenyewe.

Mchoro wa kwanza ni wevufomu, unaopima mwanga kuanzia chini hadi juu. Kwenye Resolve kipimo chake ni 0 mpaka 1023. Sehemu za picha zilizogandamana kwenye 0 zimekuwa giza tupu, na zilizogandamana kwenye 1023 zimeungua. Mchoro wa pili ni paredi, unaotenganisha nyekundu, kijani na bluu. Tazama shati jeupe: kama safu tatu hazilingani kwenye shati hilo, nyeupe yako si nyeupe. Mchoro wa tatu ni vektaskopu, duara linaloonyesha rangi inaelekea wapi na imekolea kiasi gani. Huu tutaurudia tukifika kwenye ngozi.

Baada ya vipimo, njoo kwenye magurudumu. Ukurasa ulioandikwa Color una gurudumu la Lift, linalogusa zaidi vivuli, la Gamma, linalogusa mwanga wa katikati, na la Gain, linalogusa sehemu angavu. Uso wa mtu mara nyingi uko katikati, kwa hiyo Gamma ndiyo utakayoitumia sana kwa ajili ya uso.

Halafu kuna nodi. Nodi ni kama karatasi ya plastiki angavu unayoiweka juu ya picha, kila moja na kazi yake. Ya kwanza iwe ya mwanga, ya pili ya kusawazisha nyeupe, ya tatu ya uso, ya nne ya hisia. Kwenye Windows unaongeza nodi kwa kubonyeza Alt na S. Faida yake utaiona siku mteja atakaposema amependa kila kitu isipokuwa ile rangi ya jioni. Unazima nodi moja tu, nyingine zinabaki kama zilivyo.

Kwa nini bibi harusi anakuwa wa kijivu

Hapa ndipo penye uzito wa makala haya. Kamera inayojipimia mwanga yenyewe hudhani kwamba picha nzima, kwa wastani, ina mwanga wa kijivu cha kati. Bibi harusi akisimama na gauni jeupe lililojaa kwenye fremu, kamera inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na uso wake unabaki gizani. Akiwa mhariri, fundi anaamua kuinua picha nzima. Gauni linaungua, nywele nyeusi zinakuwa za moshi, na uso unapata ule ukijivu unaolalamikiwa.

Dawa yake ni kuinua uso peke yake. Chora dirisha la duara juu ya uso, lainisha kingo zake ili mpaka usionekane, iambie programu ilifuatilie uso unaposogea, kisha pandisha Gamma kidogo ndani ya dirisha hilo. Lift iache. Ukiipandisha hiyo, weusi wote unageuka moshi.

Baada ya mwanga, angalia rangi. Kwenye vektaskopu unaweza kuwasha mstari wa ngozi, ulio kati ya nyekundu na njano. Ngozi ya mtu mweusi tii, ya maji ya kunde na ya mzungu, zote huangukia karibu na mstari huo zikiwa kwenye mwanga wa kawaida. Kinachotofautiana zaidi ni kiasi cha mwanga na ukolezi, wala si mwelekeo wa rangi. Kwa hiyo uso ukiegemea kijani au bluu, urudishe kwenye mstari bila kuufanya mweupe zaidi. Kusahihisha ngozi na kuing'arisha ni mambo mawili tofauti.

Jambo hili lina historia yake. Kwa miaka mingi maabara za kusafisha picha zilitumia kadi za Kodak zilizojulikana kama kadi za Shirley, zenye picha ya mwanamke mzungu, ili kulinganisha rangi. Picha ikimtoa yeye vizuri, ilihesabiwa kuwa sawa. Ngozi nyeusi hazikuwamo kwenye kipimo hicho. Inaelezwa kwamba miongoni mwa waliolalamika na kuisukuma Kodak iboreshe filamu zake ni watengenezaji wa chokoleti na samani za mbao, ambao bidhaa zao za kahawia hazikutoka vizuri. Kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilikuja kuenea miaka ya 1990. Basi fundi wa leo anapombadilisha bibi harusi kuwa mweupe kwa kuburuta kitufe, anairudisha kadi ile ile kwa mlango wa nyuma. Mama mzazi akiangalia video na kuuliza huyu ni nani, kazi imeharibika hata kama picha inang'aa.

Mwanga wa ukumbi na rangi za kununua

Yapo mambo ambayo kugredi hakuwezi kuyaokoa. Taa za LED za zambarau au bluu kali hutoa sehemu ndogo tu ya rangi za mwanga. Rangi ambayo haikumulikwa haikuingia kwenye kamera, na programu haiwezi kuirudisha. Ongea na fundi wa taa mapema awashe taa nyeupe wakati wa kukata keki na wakati wa zawadi. Jua la saa sita mchana kando ya ziwa nalo hutia vivuli vyeusi kwenye macho. Wasogeze maharusi kivulini au ungoja saa kumi. Na usiiachie kamera ichague mizani ya weupe yenyewe, kwa sababu itabadilika katikati ya hotuba. Taa za njano za balbu ni takribani kelvini 3200, mwanga wa mchana ni kama 5600. Chagua moja kulingana na mahali, uifunge.

Vijana wengi pia huuziwa LUT, yaani mafaili ya rangi zilizopangwa tayari. Si vitu vibaya, lakini kila LUT imetengenezwa ikitarajia picha ya aina fulani. Ukiiweka juu ya picha ambayo haijasahihishwa, itakuza kasoro iliyopo. Iweke mwishoni, na ipunguze nguvu mpaka uso ubaki na rangi yake.

Namna ya kujifunza

Ushauri wetu ni kutumia wiki nne. Wiki ya kwanza usiguse hisia yoyote. Chukua vipande kumi vya video uzisawazishe nyeupe tu kwa kutazama paredi. Wiki ya pili linganisha kamera mbili, au simu na kamera, mpaka ukiziunganisha mtu asitambue zilipokutana. Wiki ya tatu fanya nyuso: rekodi watu watatu wenye ngozi tofauti wakiwa wamekaa pamoja, kila mmoja atoke kama alivyo. Wiki ya nne ndipo ujaribu hisia.

Kila baada ya dakika 20 pumzisha macho kwa kutazama nje. Bonyeza Shift na D kulinganisha picha kabla na baada. Ukishtuka kuona ya kabla inapendeza zaidi, umezidisha.

Kabla ya kukabidhi kazi, itazame kwenye simu mbili tofauti, kisha ujitumie kwa WhatsApp uitazame tena, maana ndiko wateja wengi watakakoiona, na WhatsApp huibana video. Vivuli vikigeuka mabaka, rudi upunguze giza. Mwisho kabisa, weka picha ya mnato ya mhusika pembeni, iliyopigwa kwenye mwanga wa mchana, ulinganishe na uso uliomo kwenye video. Ndugu zake nao watafanya hivyo hivyo sebuleni.