Mashine inaona uvimbe, nani atautaja ugonjwa?

Taja patholojia mbele ya vijana wa Nunguni na huenda mmoja akaguna: “Si ni ile kazi ya mochari?” Mwingine ataongeza kwamba, hata hivyo, akili unde inakuja kuimaliza.

Hofu hiyo si ngeni. Mwaka wa 2016, Geoffrey Hinton, mmoja wa waasisi wa akili unde, alisema tuache kufunza madaktari wa kusoma picha za mwili kwani kompyuta ingewashinda ndani ya miaka mitano. Miaka mitano ilipita, na madaktari hao wangali wanatafutwa.

Mochari ni sehemu tu ya kazi ya mwanapatholojia. Chukua mama wa milima ya Kilungu aliyepata uvimbe kwenye titi. Ultrasaundi itaonyesha ulipo na ukubwa wake. Lakini kabla ya kuanzishiwa matibabu ya saratani, lazima kipande kidogo kitolewe kwa sindano, kikatwe vyembamba, kitiwe rangi na kuangaliwa kwa hadubini. Hapo ndipo hujulikana kama ni saratani, na kama inachochewa na homoni. Jibu hilo ndilo huamua dawa.

Sisi wa Ukambani tuna somo letu. Mwaka wa 2004, watu wa Makueni, Kitui na maeneo jirani waligeuka macho manjano, wengine wakafariki. Picha ingeonyesha ini linalougua, basi. Maabara ndiyo iliyoondolea virusi lawama, na mahindi yalipopimwa yakapatikana na aflatoksini. Kufikia Julai 20, wagonjwa walikuwa 317, na 125 kati yao walikuwa wamekufa.

Kitakachobadilika ni vifaa. Mwaka wa 2017, Marekani iliidhinisha mtambo wa kugeuza slaidi za hadubini kuwa picha za kompyuta, na 2021 programu ya kusaidia kutambua saratani ya tezi dume. Kwa teknolojia hiyo, slaidi iliyotayarishwa Wote inaweza kusomwa Nairobi bila kusafirishwa kwa gari. Programu inaonyesha seli za kutiliwa shaka, daktari anaamua na kutia sahihi. Lakini slaidi ikitayarishwa vibaya, hata kompyuta ya bei ghali haitaiokoa.

Ndiyo maana kununua mashine za picha bila kuajiri watu wa maabara ni kumwambia yule mama ana uvimbe, kisha kumwacha asubiri kujua ni nini.

Sasa, unaingiaje? Njia ni ndefu: shahada ya udaktari, mwaka wa mafunzo kazini, kisha uzamili wa patholojia, unaotolewa Chuo Kikuu cha Nairobi. Ukitaka njia fupi ya kuingia maabara, KMTC hufunza stashahada. Kaza Biolojia na Kemia, na kompyuta usiiache nyuma.