"Klachi Imenasa": Istilahi Moja, Hitilafu Nyingi

Miongoni mwa kazi zinazomsumbua mfasiri wa mambo ya ufundi ni vitabu vya maelekezo ya magari. Taabu yenyewe haitokani na uchache wa maneno, kwani gereji zetu zina msamiati mpana. Hutokana na desturi ya kutumia neno moja mahali panapohitaji maneno kadhaa. Makala haya yanakusudia kulidhihirisha jambo hilo kwa mfano wa hitilafu ijulikanayo sana, yaani pedeli ya klachi inayonasa.

Yafaa kwanza tueleze namna klachi inavyofanya kazi. Klachi huunganisha injini na giaboksi. Dereva akanyagapo pedeli, ufito husukuma pistoni ya pampu ya juu. Pampu hiyo hupeleka mafuta ya breki, kwa kupitia bomba jembamba, hadi pampu ya chini iliyo kwenye giaboksi. Pampu ya chini husukuma uma, uma husukuma beringi, na beringi hubonyeza springi ya presha pleti. Hapo sahani ya klachi huachana na flaiwili, na gia huweza kubadilishwa. Katika magari mengine, kazi ya pampu hizo mbili hufanywa na waya uliomo ndani ya ala.

Majina "pampu ya juu" na "pampu ya chini" ni ya mafundi wenyewe. Kiingereza huzipa sehemu hizo majina yenye maana ya "bwana" na "mtumwa". Kuyafasiri majina hayo neno kwa neno hakuna faida, kwani majina ya mafundi humwonyesha msomaji mahali pa kutazama.

Sasa tuuangalie usemi "klachi imenasa". Usemi huo hutumiwa kwa hali nne zilizo mbalimbali:

(a) Pedeli kuwa nzito. Pedeli hukanyagika kwa shida na kurudi polepole. Aghalabu pini yake imekauka, au waya umeshika kutu ndani ya ala, au beringi haitelezi vema mahali pake.

(b) Pedeli kuzama. Pedeli huenda hadi chini bila ukinzani na kubaki huko, hata dereva hulazimika kuiinua kwa ncha ya kiatu.

(c) Klachi kutoachia. Pedeli hurudi kama kawaida, lakini gia hukwaruza au hukataa kuingia, kwa sababu sahani haijaachana na flaiwili. Gari lililoegeshwa muda mrefu mahali penye unyevu laweza kupatwa na hali hii kwa kutu.

(d) Klachi kuteleza. Injini hunguruma lakini gari haliongezi mwendo. Hapa hakuna kilichonasa. Mara nyingi sahani imelika.

Tofauti hizi si za maneno matupu. Mtu anayeambiwa tu kwamba klachi imenasa aweza kushusha giaboksi na kununua sahani mpya, kumbe kilichoharibika ni kipande kidogo cha mpira ndani ya pampu. Pedeli ikizama, uchunguzi huanza mahali pepesi. Hutazamwa kwanza kama zulia la sakafuni limeizuia pedeli au springi yake ya kuirudisha imekatika. Kisha hupimwa kiasi cha mafuta ya breki katika kikopo chake. Yakiwa yamepungua, hutafutwa unyevu penye ufito wa pampu ya juu na penye mpira wa pampu ya chini. Pedeli ikipanda baada ya kukanyagwa mara kadhaa mfululizo, huenda upepo umeingia. Upepo ukishatolewa, na pedeli ikazidi kushuka taratibu chini ya mguu pasipo kuvuja popote nje, mpira wa ndani ya pampu ya juu ndio unaoshukiwa.

Utoaji wa upepo huhitaji watu wawili: mmoja hukanyaga pedeli na kuishikilia, mwingine hufungua nati ya pampu ya chini na kuifunga *kabla* pedeli haijaachiwa. Mfasiri akiandika "baada ya" mahali pa "kabla", upepo utavutwa ndani upya.

Hatari kubwa zaidi imo katika neno "mafuta". Sentensi "ongeza mafuta" yaweza kumfanya msomaji atie mafuta ya injini. Hayo huvimbisha mipira ya pampu, na pedeli hunasa kwelikweli. Tena katika magari mengi kikopo cha klachi ndicho hicho hicho cha breki. Kwa hiyo kosa la mwandishi laweza kumnyima dereva breki.

Kwa sababu hizo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, "mafuta ya breki" yaandikwe kwa ukamilifu kila yatajwapo, pamoja na alama iliyo juu ya kopo, kama vile DOT 3 au DOT 4. Pili, vitenzi "kuzama", "kutoachia" na "kuteleza" vitumike kila kimoja kwa hali yake, na "kunasa" kiachiwe kitu kilichozuiwa kweli. Tatu, mfasiri asiteue istilahi ya hitilafu kabla hajajua ni sehemu gani iliyoharibika. Fundi mzoefu aweza kumsaidia katika hilo kuliko kamusi.