Setilaiti ziliona nini juu yetu wakati wa korona?

Wakati wa korona tulisikia kwenye radio kwamba hewa ya dunia imekuwa safi. Nani alipima, na je, habari hiyo ilituhusu sisi wa Lusangi?

Waliopima walitumia setilaiti, ni kusema vyombo vinavyozunguka dunia huko juu sana. Kimoja ni Sentinel-5P cha Shirika la Anga la Ulaya, kilometa zaidi ya 800 juu yetu. Kinaangalia mwangaza wa jua unaorudi kutoka chini. Kila gesi inakula sehemu yake ya mwangaza huo; wataalamu wakiona sehemu gani imepungua, wanajua ni gesi gani iko hewani, na kiasi gani.

Gesi waliyoifuata zaidi ni daioksidi ya nitrojeni. Inatoka kwenye injini za motokari, viwandani, na pia pori linapowaka. Haikawii hewani: motokari zikisimama, upungufu unaonekana upesi. Ndiyo sababu mwanzoni mwa 2020 setilaiti ziliona gesi hiyo inashuka juu ya Wuhan kule China, kisha kaskazini mwa Italia.

Katika inchi yetu, mgonjwa wa kwanza alitangazwa Kinshasa tarehe 10 Machi 2020, na tarehe 24 Rais Félix Tshisekedi akatangaza hali ya dharura. Lakini kati ya Kasongo na Kabambare motokari ni za kuhesabu. Watu wanakwenda kwa mguu, kinga ao pikipiki. Moshi wetu mwingi unatoka kwenye moto wa kiangazi na mashamba ya kuchoma. Moto huo haukungojea ruhusa ya korona.

Setilaiti zingine, Landsat, zinapiga picha za misitu. Kwa picha hizo ilihesabiwa kwamba Kongo ilipoteza karibu hekta 475.000 za msitu wa asili mwaka 2019, na karibu 490.000 mwaka 2020. Miji mikubwa ilipumua kidogo. Msitu wetu haukupumzika.

Je, ni korona iliyokata miti? Tusikimbilie kusema hivyo, maana hata mbele yake ilikuwa inakatwa. Picha inaonyesha mahali miti ilikuwa na sasa haipo. Haisemi kama aliyekata ni mama anayetafuta shamba la muhogo, mchoma makala, ao mchimba zahabu. Na mawingu yanaficha mengi. Sababu inajulikana na anayeishi pale.

Jambo hili si la wataalamu peke yao. Tangu amri ya Agosti 2014, jamii inaweza kuomba msitu wake, hadi hekta 50.000. Na picha za Landsat ziko kwenye intaneti bila malipo, kila mtu anaziona. Kijiji kinachoandika wapi kililima, mwaka gani na kwa sababu gani, kitakuwa na la kujibu siku mgeni atafika na ramani mkononi na kusema: «Ninyi ndio mnamaliza msitu.»