Kuchagua mti wa mataruma ya mtumbwi

Vikundi vingi vya wavuvi tunavyofanya navyo kazi katika mwambao wa Mwanza, Magu, Sengerema na Ukerewe hutumia sehemu kubwa ya mkopo wa kwanza kuundisha mtumbwi. Wanapokutana na fundi, maswali yao huwa juu ya mbao za nje: ni za mti gani, zina upana gani, bei yake ni kiasi gani kwa futi. Mataruma, yaani zile mbavu za ndani zinazoshikilia mbao zote pamoja, huachiwa fundi ajue mwenyewe. Naye fundi aliyekubali bei ya jumla huyachonga kwa vipande vilivyobaki.

Matokeo yake tumeyaona. Kikundi kimoja kilikuwa na mtumbwi wa mbao nzuri za mvule, lakini mwaka wa tatu mataruma manne ya katikati yalikuwa yamekatika penye kona. Misumari haikuwa na mahali pa kushika, na kila wimbi lilipopiga, mbao za nje zilifunguka na kufunga kama mdomo. Walikuwa wakivua dagaa karibu na nchi kavu, wakaokoka. Mkopo ulikuwa bado haujaisha.

Kwa nini mataruma huoza kwanza

Mtu aliyezoea vyombo vya pwani anaweza kudhani kwamba ziwa halina taabu. Kwa upande mmoja ni kweli, kwa sababu hatuna wale wadudu wa baharini wanaotoboa mbao hadi ikawa kama sega la nyuki. Lakini chumvi ya bahari husaidia kuzuia kuvu wanaoozesha mbao, na maji baridi ya ziwa hayana msaada huo. Mbao iliyozama muda wote haiozi upesi, kwa kuwa hewa haiifikii. Iliyokauka vizuri nayo haiozi. Inayooza ni ile inayolowa na kukauka nusunusu siku baada ya siku, na hivyo ndivyo ilivyo chini ya taruma, mahali ambapo maji ya mvua na ya samaki hutuama.

Kwa hiyo, kabla hata ya kuzungumzia aina ya mti, mwambieni fundi akate tundu dogo chini ya kila taruma, karibu na mkuku, ili maji yapite hadi mahali pa kuchotea. Ni kazi ya dakika chache, na haiongezi gharama yoyote.

Tazameni nyuzi kabla ya jina la mti

Jambo tunalolisisitiza kuliko yote ni mwelekeo wa nyuzi za mti. Taruma lina kona. Fundi akichukua ubao ulionyooka na kuukata kwa msumeno upate umbo la kona, nyuzi hukatwa vipande vifupi pale pale zinapohitajika zaidi, na hapo ndipo litakapovunjika, hata kama ni mvule. Taruma zuri hutoka kwenye tawi, shina au mzizi uliopinda wenyewe, ili nyuzi zifuate kona kutoka ncha hadi ncha. Mafundi wa pwani wanalijua hili tangu zamani. Huko mataruma hutafutwa katika miti ya mikoko kama mlilana na mkomafi kwa sababu ya matawi yake yaliyopinda. Sisi hatuna mikoko, lakini miti iliyopinda tunayo mingi. Wapasuaji huiacha kwa kuwa haitoi mbao ndefu, hivyo mara nyingi hupatikana kwa bei nafuu.

Baada ya nyuzi, tazameni rangi. Sehemu nyeupe ya nje ya gogo huoza upesi katika karibu kila mti. Mvule wenyewe hausalimiki. Taruma likatwe kwenye kiini.

Sasa miti yenyewe. Mvule bado ni bora, lakini umekuwa haba na ghali, na kuukata kunahitaji kibali hata ukiwa shambani kwako. Mwoneni ofisa misitu kwanza. Mfenesi, hasa kwa wenzetu wa upande wa Kagera, una kiini cha manjano kinachostahimili maji na matawi yenye kona nzuri, tunaupendekeza. Mkaratusi ni mgumu na unashika msumari, ila hupasuka na kujipinda ukikauka haraka. Chagueni mti uliokomaa, pakeni rangi kwenye ncha siku ile ile ya kukata, kisha uanikwe kivulini kwa miezi, si wiki. Mwembe ni rahisi kuchonga lakini huoza mapema. Msonobari, unaopandwa kwa wingi katika mashamba ya miti ya Rubya kule Ukerewe na Buhindi, Sengerema, haufai kwa mataruma bila kutiwa dawa kiwandani. Kupaka oili chafu hakutoshi: hubaki juu juu, na inayobaki huingia ziwani.

Mbao iliyotiwa dawa, kama ile ya nguzo za umeme, ina tahadhari yake. Dawa nyingi za aina hiyo zina aseniki. Kina mama wasipewe vipande vilivyobaki kuwa kuni, kwa maana moshi na majivu yake ni sumu.

Kujua kama mbao imekauka si lazima kuwa na kifaa maalumu. Chukueni kipande kimoja, kipimeni kwenye mizani ya dagaa kila wiki na kuandika. Uzito ukiacha kushuka, imekauka.

Misumari iwe ya kupakwa zinki, na itobolewe njia kwanza kwa keekee, la sivyo ncha ya taruma itapasuka. Msumari wa kawaida hupata kutu, huvimba, na kuozesha mbao inayouzunguka.

Tumeulizwa pia kuhusu mtumbwi mwepesi wa kubebeka, wenye kiunzi cha fito na turubai juu yake. Vyombo vya namna hiyo vipo. Ujerumani vilianza kutengenezwa kwa biashara mwaka 1907, katika kiwanda cha Johann Klepper. Hata ziwa letu limewahi kuona chombo cha kubebwa: Stanley alipofika Kageye mwaka 1875, wapagazi walikuwa wamebeba mashua yake vipande vipande kutoka pwani. Lakini ile ilikuwa ya mbao tupu. Turubai linaweza kufaa kwenye bwawa lililotulia. Kwa kuvuka kwenda visiwani, penye mawimbi na viboko, hatulishauri.

Mwisho, mapatano. Andikeni katika mkataba na fundi aina ya mti wa mataruma, idadi yake, na kwamba yakatwe kwenye kiini penye kona ya asili. Watu wawili wa kikundi wayaone na kuyahesabu kabla mbao za nje hazijapigiliwa, na malipo ya awamu ya pili yatolewe siku hiyo, si kabla. Kisha kila mtumbwi unapopandishwa nchi kavu kupakwa rangi, chomeni kila taruma kwa ncha ya kisu, chini karibu na mkuku. Kisu kikizama bila nguvu, taruma hilo libadilishwe kabla ya kurudi majini.