Kamera isiyotikisika huanza na mazoezi, si kifaa

Biashara ya kupiga picha za video imekuwa kimbilio la vijana wengi, mijini na vijijini. Mbali na harusi na mahafali, siku hizi wapo wafugaji wanaouza ng'ombe wa maziwa kwa kumtumia mnunuzi video kwenye simu. Wapo pia wakulima wanaorekodi mafunzo ya shambani ili wanachama wa kikundi ambao hawakufika wayaone baadaye.

Kasoro inayoharibu kazi nyingi kati ya hizo ni picha kutikisika. Mnunuzi wa ng'ombe anataka kuona mnyama anavyotembea. Kama picha inaruka kila mpigaji anapopiga hatua, hawezi kujua ni ng'ombe anayechechemea au ni kamera inayocheza. Atashusha bei, au atatafuta muuzaji mwingine.

Ndiyo maana wengi hununua kitulizi cha kamera, ambacho wauzaji hukiita stebilaiza au gimbali. Msomaji asikichanganye na ile stebilaiza ya kulinda friji. Tatizo ni kwamba kifaa hununuliwa Ijumaa na Jumamosi kinapelekwa harusini. Mjasiriamali amehesabu bei ya kifaa, lakini hakuhesabu gharama ya kujifunza kukitumia.

Kinavyofanya kazi

Kifaa cha aina hii kilibuniwa na Mmarekani Garrett Brown katika miaka ya 1970. Kilitumika katika filamu ya Rocky ya mwaka 1976, ambapo kamera inamfuata bondia akipanda ngazi mbio mjini Philadelphia bila picha kuyumba. Mwaka 1978 ubunifu huo ulipewa tuzo ya Oscar. Tangu hapo vimetengenezwa vitulizi vidogo vya kushika mkononi, hadi vya simu.

Kitulizi cha mizani hakina umeme. Kamera hukaa juu ya fimbo, vipande vya uzito hukaa chini, na mpini hushikilia fimbo hiyo kwa kiungo kinachogeuka kwa wepesi pande zote. Uzito ukitenganishwa juu na chini kwa namna hiyo, kamera haigeuki ovyo, na mtikisiko wa mkono huishia kwenye kiungo.

Kitulizi cha betri hutumia mota tatu ndogo. Moja huzuia kamera kuinama mbele na nyuma, ya pili huzuia kulala ubavu, ya tatu huongoza kugeuka kushoto na kulia. Hata hivyo, mota hizo haziondoi ule mwendo wa kamera kupanda na kushuka kwa kila hatua. Hiyo ni kazi ya magoti ya anayeishika.

Mizani kwanza

Somo la kwanza ni kusawazisha. Kwa kitulizi cha mizani, hakikisha kwanza fimbo inasimama wima bila kuegemea upande wowote. Kisha ilaze usawa wa ardhi na uiachie. Inapaswa kurudi wima kwa muda wa sekunde mbili hivi. Ikirudi haraka sana, uzito wa chini umezidi, na kamera itabembea kama pendulo kila unapoanza au kuacha kutembea. Punguza uzito huo, au shusha kiungo kidogo. Ikibaki imelala, ongeza uzito wa chini.

Kwa kitulizi cha betri, fanya kazi hiyo kabla ya kukiwasha. Kamera iliyosawazishwa hubaki pale unapoiacha, hata kama mota zimezimwa. Usiposawazisha, mota hufanya kazi ya kubeba badala ya kutuliza, na betri huisha kabla sherehe haijaisha. Kumbuka pia kuwa ukibadilisha lenzi, au hata kava la simu, mizani imebadilika na unapaswa kuanza upya.

Kutembea kama mbeba maji

Anayebeba ndoo ya maji kichwani bila kumwaga tayari anaujua mwendo unaotakiwa. Magoti yanalegea kidogo, kisigino kinatangulia, mguu unatua taratibu na kiwiliwili hakirukiruki. Mwendo wa haraka na hatua ndefu ni adui.

Mkono wenye nguvu ushike mpini. Kwa kitulizi cha mizani, vidole viwili au vitatu vya mkono mwingine viguse fimbo karibu na kiungo, kwa wepesi, kuelekeza tu. Ukibana, mtikisiko wa mkono unahamia kwenye picha. Upepo nao husukuma kifaa hiki kwa urahisi, hivyo shambani jaribu kuukinga kwa mwili wako.

Zoezi zuri la kuanzia halina gharama. Chora alama ya msalaba ukutani, rudi nyuma hatua kumi, kisha uisogelee na kuiacha ukihakikisha alama inabaki katikati ya picha. Ukiweza hilo, zunguka meza. Kisha mfuate mtu anayetembea, na mwisho jaribu kwenye matuta ya shamba. Angalia matokeo kwenye televisheni au kompyuta, kwani kioo kidogo cha kamera huficha makosa. Piga vipande vya sekunde 20 au 30, maana mkono uliochoka hutetemeka.

Hesabu ya mjasiriamali

Tuchukue mfano. Tuseme kifaa kinauzwa Sh400,000, na mteja yuko tayari kuongeza Sh40,000 kwa video iliyotulia. Kazi 10 zitarudisha fedha hiyo. Sasa ongeza mazoezi ya saa moja kwa siku 20. Kama saa yako ina thamani ya Sh3,000, hiyo ni Sh60,000 nyingine. Gharama inafika Sh460,000, na utahitaji kazi 12.

Wengi hukwepa hiyo Sh60,000 kwa kuona ni muda unaopotea. Lakini ukiharibu harusi moja ya Sh300,000 na mteja akakataa kulipa, umepoteza ongezeko la kazi saba na zaidi. Na harusi hairudiwi. Bibi harusi hataingia tena ukumbini ili wewe urekebishe mizani.

Kwa hiyo, kabla ya kununua, kodi kifaa kwa siku chache na upime kama unakiweza. Katika kazi 5 za mwanzo, beba pia stendi ya miguu mitatu. Hotuba, viapo na kukata keki vipigwe kwenye stendi, kitulizi kitumike pale tu watu au mifugo inapotembea. Kama ni kikundi kinachonunua, kiteue mtu mmoja au wawili wa kujifunza. Kifaa kinachozunguka kwa wanachama 15 hakitapata hata mmoja aliyekizoea.

Mteja halipii kifaa ulichobeba, bali picha atakayoiangalia nyumbani. Picha hiyo hutokana na saa za mazoezi zilizotangulia siku ya kazi, na saa hizo ziandikwe kwenye daftari la mtaji pamoja na bei ya kifaa.