Kalamu ya TDS haijui risasi: namna gani kihisi cha polimeri kinachagua ioni moja

Bandugu, leo naandika juu ya kitu kidogo chenye watu wanakiamini kupita kiasi: kile kifaa cha kupima mayi chenye umbo la kalamu. Unakichovya ndani ya kopo, kinatoa namba, na mtu anasema «mayi iko muzuri». Nitaeleza pia kifaa kingine, kihisi cha polimeri, kile chuoni tulizoea kuita kapteri. Vyote viwili vinatoa namba, lakini havijibu swali moja. Katika mji kama Likasi, kuchanganya majibu hayo kunaweza kumfanya mtu anyweshe lengalenga mayi mabaya akidhani ni mazuri.

Kalamu inahesabu nini?

Chumvi ikiyeyuka ndani ya mayi inaachana na kuwa vipande vyenye chaji ya umeme. Vipande hivyo njo tunaita ioni. Kalamu ya TDS inapitisha umeme kidogo katika mayi na kuangalia unapita kwa urahisi gani. Ioni zikiwa nyingi, umeme unapita vizuri, na namba inapanda. Basi. Ni kama mtu anayesimama kwenye mlango wa soko na kuhesabu wanaoingia bila kuuliza jina. Atakuambia wameingia 300. Hatakuambia kama kati yao kuna mwizi.

Sasa tuangalie udongo wetu. Miamba ya huku kwetu ina dolomia nyingi, kwa hiyo mayi yenye kupita ndani yake yanabeba kalsiamu na manyezi, na hayo peke yake hayana ubaya. Tuseme kisima kinaonyesha miligramu 300 kwa lita. Mwongozo wa OMS kwa mayi ya kunywa unasema risasi, yaani plombo, isizidi miligramu 0.01 kwa lita. Tuseme ndani ya kisima kile kumeingia risasi 0.1, mara 10 ya kiwango. Kalamu itaonyesha nini? Itaonyesha 300 ile ile. Mizani ya kupimia gunia la makala haiwezi kukuambia kama ndani kuna sindano.

Kiangazi kimoja nilikuwa kwenye bustani za kando ya mto, kijana mmoja muuzaji akapita na kalamu yake. Akachovya ndani ya arozwari ya mama mmoja, akasema: «Mama, ona, 280. Mayi yako iko muzuri.» Yule mama akamwangalia, akamuuliza: «Muzuri juu ya nini, mwanangu? Ya kunywa, ya kunywesha, ao ya kufulia?» Kijana hakuwa na jibu, na kalamu nayo haikuwa nalo. Kwangu, swali la yule mama njo mwanzo wa kemia yote ya upimaji: unapima kitu gani, na kwa kazi gani?

Sisemi kalamu itupwe. Ina kazi yake. Kama kisima kimezoea kuonyesha 280 na wiki hii kimeruka mpaka 900, kuna kitu kimeingia, na ni lazima kukitafuta. Inasaidia pia kujua kama mayi yana chumvi nyingi kwa mimea. Kazi isiyoiweza ni kutaja jina.

Plastiki inayouliza jina

Kihisi cha polimeri kina kiini kimoja: utando mwembamba wa plastiki. Plastiki hiyo ni PVC, ile ile ya mabomba ya mayi, ila imelainishwa. Katika mapishi ya kawaida, karibu theluthi moja ya uzito ni PVC na karibu theluthi mbili ni mafuta maalum ya kulainisha, ndiyo maana utando unakuwa laini kama mpira. Katika asilimia moja hivi iliyobaki njo kuna siri yote: molekuli inayoitwa ionofora.

Ionofora ni molekuli yenye nafasi ndani yake, na nafasi ile imepimwa kwa ioni moja. Mfano unaojulikana sana ni valinomisini, inayotengenezwa na bakteria za jamii ya Streptomyces, jamii yenye kuishi katika udongo. Inakumbatia potasiamu maelfu ya mara kuliko sodiamu, hata kama sodiamu na potasiamu zinafanana sana. Sodiamu ni ndogo, nafasi inamzidi. Potasiamu inakaa sawasawa.

Katika miaka ya 1960, Wilhelm Simon na wenzake wa Zürich, Uswisi, walionyesha kwamba molekuli za namna hiyo zinaweza kutumika kupima. Mwaka 1970, Moody, Oke na Thomas wa Cardiff, Uingereza, wakachapisha elektrodi ya kalsiamu ambayo dawa yake ya kuchagua imewekwa ndani ya PVC. Toka hapo utando ukawa kitu cha kukatwa na kubandikwa kwenye ncha ya bomba dogo. Leo mashine nyingi za hospitali zenye kupima sodiamu na potasiamu katika damu zinatumia wazo hilo hilo. Shamba na hospitali, kanuni ni moja.

Umeme unatoka wapi?

Upande mmoja wa utando kuna mayi unayopima. Upande mwingine kuna mchanganyiko unaojulikana. Ionofora inaruhusu ioni yake kuingia kwenye ngozi ya utando, lakini mwenzake wa chaji kinyume anabaki nje. Chaji zinaachana kidogo sana, na hapo panazaliwa volti. Tunaipima kwa kulinganisha na elektrodi ya pili ambayo haibadiliki.

Hapa wengi wanateleza, kwa hiyo tusome polepole. Volti haipandi sawasawa na wingi wa ioni. Inafuata kanuni ya Nernst: katika joto la nyuzi 25, kila mara wingi unapozidishwa kwa 10, volti inabadilika milivolti 59 kwa ioni yenye chaji moja, na karibu 30 kwa ioni yenye chaji mbili kama kalsiamu, shaba ao risasi. Kwa ioni zenye chaji ya kutoa, kama nitrati, volti inashuka badala ya kupanda.

Tuchukue mfano wa nitrati, ambayo sisi watu wa kilimo tunaihitaji kila siku. Unaandaa mayi mawili ya kulinganisha. Yenye miligramu 10 kwa lita inaonyesha milivolti 200. Yenye 100 inaonyesha 141. Sasa mayi ya kisima yanaonyesha 170.5, katikati kabisa. Nitrati ni ngapi? Mtu wa haraka atasema 55, katikati ya 10 na 100. Hapana. Katikati kwa hesabu ya kuzidisha ni 10 mara kipeuo cha pili cha 10, yaani karibu 32. Kiwango cha OMS kwa nitrati ni 50. Kwa hesabu ya haraka umekifunga kisima ambacho, kwa upande wa nitrati, hakina shida.

Kutoka kanuni hiyo hiyo kunatoka onyo lingine: kosa la milivolti 1 tu linaleta kosa la karibu asilimia 4 kwa ioni ya chaji moja, na karibu asilimia 8 kwa ya chaji mbili. Na joto nalo linahesabika: katika nyuzi 15, ile 59 inakuwa 57. Ukipima mayi baridi ya asubuhi ya mwezi wa sita, halafu mayi ya kulinganisha yamekaa kwenye jua, hesabu zako zimeharibika mbele ya kuanza.

Mitego mitatu

*Wa kwanza, kiwango cha chini.* Kwa miaka mingi, elektrodi za utando wa PVC zilikuwa zinaishia karibu na sehemu moja kwa milioni ya moli katika lita. Kwa risasi, hiyo ni karibu miligramu 0.2 kwa lita, mara 20 ya kiwango cha OMS. Maana yake, kifaa kingenyamaza wakati mtu anaendelea kunywa sumu. Sababu mojawapo ilikuwa utando wenyewe: ioni za ndani zilikuwa zinavuja kidogo kidogo na kuchafua mayi ya nje. Mwaka 1997 Sokalski, Pretsch na wenzao walionyesha kwamba ukirekebisha mchanganyiko wa ndani, elektrodi ya risasi inaweza kushuka mbali sana chini ya hapo. Lakini ile ni kazi ya labo, kwa mikono yenye kuzoea. Kifaa cha dukani, usikidhanie hivyo. Kwa shaba hali ni nzuri zaidi: kiwango chake ni miligramu 2, na elektrodi inakifikia bila shida. Ujue tu kwamba elektrodi nyingi za shaba zinatumia kristali ya salfidi badala ya utando wa plastiki.

*Wa pili, majirani.* Hakuna ionofora inayochagua bila kukosea hata kidogo. Utando wa nitrati unavutwa kidogo na kloridi. Kama mayi yana chumvi ya kloridi nyingi, nitrati itaonekana kubwa kuliko ilivyo.

*Wa tatu ni mzito zaidi kwa Likasi.* Kihisi kinaona ioni iliyo huru tu. Shaba iliyoshikamana na matope, ao na mabaki ya majani, haihesabiwi. Na mayi yetu ya dolomia yanasukuma metali kushikamana namna hiyo. Mto unaweza kuonyesha shaba huru ndogo, kumbe umebeba nyingi ndani ya matope, na matope yale njo yanabaki shambani mto ukifurika. Labo inayotia asidi na kupima jumla inaona vyote.

Juu ya nini hii inatugusa

Mkoa wetu uliwahi kuitwa Shaba, na kiwanda cha Shituru kinajulikana na kila mtu hapa. Mayi ya Panda na Buluo yanateremka mpaka Lufira, na Lufira inaingia ziwa Tshangalele, nyuma ya bwawa la Mwadingusha. Huko watu wanavua samaki, na kando ya mito wanalima mboga ya kula na bukari. Mwaka 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, kati yao Célestin Banza Lubaba Nkulu na Benoit Nemery, walichapisha vipimo vya mkojo wa watu wenye kuishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga. Kobalti waliyoikuta ilikuwa ya juu kuliko ile iliyowahi kuripotiwa kwa wakaaji wa kawaida popote. Vipimo vile vilifanywa na mashine kubwa za labo, siyo kalamu.

Kwa hiyo tugawe kazi. Kihisi ni cha kupima mara nyingi, pale pale, pahali pamoja, kiangazi na masika: pH, nitrati, potasiamu, na shaba huru kama dalili ya kwanza. Labo ni ya risasi, kobalti, kadimi na urani, na ya kuthibitisha dalili yoyote. Kihisi kinakuambia wapi na lini uchukue chupa. Chupa inakwenda labo. Makuta hayatoshi kupeleka chupa 100, lakini kihisi kikisaidia kuchagua chupa 5 zenye maana, tayari tumefanya kazi ya mtaalamu.

Na wewe mwenye licence, ukionyeshwa namba ya mayi, uliza mambo manne. Imepima ioni gani, ao zote pamoja? Ililinganishwa na mayi gani yenye kujulikana, na lini? Kifaa kinaweza kushuka mpaka chini ya kiwango cha hatari? Imepima ioni huru ao jumla? Utando nao unazeeka, juu ionofora inatoka kidogo kidogo kila unapochovya, kwa hiyo jibu la mwaka jana halitoshi.

Namba isiyo na majibu hayo manne, usimpelekee mama wa bustani.